Maisha ya Mama Yake Imam Shafi (r.a.)

Hapana mtoto wa Kiislamu aliyepita chuoni katika nchi hizi asiyelijua jina la Imam Shafi, radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie. Hulisikia tangu siku anapofundishwa nguzo za udhu na sharti za sala, na huandamana nalo umri wake wote, mpaka siku anapotiwa kaburini na kusomewa talakini. Ndoa yake huozeshwa, zaka yake hutolewa na mirathi yake hugawanywa kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu huyo. Lakini katika elfu wanaolitaja jina la Imamu, ni wachache mno wanaomkumbuka mwanamke aliyemzaa, akamlea bila ya mume wala mali, na akamtia kwa mkono wake mwenyewe katika njia ya elimu.

Bibi huyo hakuandika kitabu, hakushika cheo, wala hakuacha mali. Wanavyuoni waliyoyaandika juu yake ni maneno machache, hapa mstari mmoja na pale miwili, katikati ya sifa za mwanawe. Lakini maneno hayo yakikusanywa pamoja huonyesha sura ya mtu mwenye akili pevu na moyo thabiti, ambaye kila alipofika njia panda alitanguliza elimu ya mwanawe juu ya raha ya nafsi yake. Na ambaye hakumfahamu bibi huyu hajamfahamu sawasawa Imam Shafi.

UKOO WAKE

Kauli iliyo mashuhuri kwa wanavyuoni ni kuwa bibi huyu alikuwa wa kabila la Azd, kabila kubwa la Waarabu ambalo asili yake ni Yemen. Azd ni watu wenye sifa katika Uislamu. Ansari wa Madina, Aus na Khazraj, waliompokea Mtume (s.a.w.) na Muhajirina, asili yao ni Azd. Matawi mengine ya kabila hilo yalikaa Oman, na kutoka huko baadhi ya vizazi vyao walikuja kupanda majahazi mpaka pwani ya Afrika ya Mashariki. Iko riwaya nyingine inayomnasibisha na kizazi cha Sayyidna Ali bin Abi Talib (r.a.), lakini wanavyuoni waliozichungua nasaba wameiona kuwa ni dhaifu, wakaishika ile ya Azd.

Mumewe alikuwa Idris bin Abbas bin Uthman bin Shafi, naye ni Mkureshi wa Bani Muttalib. Jina la Shafi, ambalo leo ni jina la madhehebu, ni la babu yao huyo, mwana wa Saib, ambaye alikutana na Mtume (s.a.w.) akiwa bado kijana. Baba yake, Saib, alikuwa upande wa makafiri katika vita vya Badr mwaka wa 2 wa Hijra. Alitekwa, akajikomboa kwa mali yake, kisha akasilimu kwa hiari.

Bani Muttalib ni ndugu wa karibu wa Bani Hashim, ukoo wa Mtume. Makureshi walipowatenga Bani Hashim wasiuziwe chakula wala wasiozwe wake, Bani Muttalib waliingia pamoja nao katika taabu hiyo, nao hawakulazimika. Kwa sababu hiyo Mtume (s.a.w.) aliwatia katika fungu la jamaa zake wa karibu lililotajwa ndani ya Qur-ani, akawafanya wao na Bani Hashim kuwa kitu kimoja. Haki hiyo ilibakia kwa watoto wao. Lakini haki hiyo aliipata yule ambaye nasaba yake imejulikana, na nasaba haijulikani ila kwa mtu kukaa na jamaa zake. Jambo hili liwekwe akilini, kwa kuwa ndilo lililomwondoa bibi huyu alikokuwa.

UJANE KATIKA NCHI YA UGENI

Idris alikuwa mtu wa Hijazi asiye na mali. Aliihama nchi yake akaenda upande wa Sham kutafuta riziki, na mkewe akafuatana naye. Walikaa Gaza, mji wa Palestina ulio karibu na bahari, na hapo ndipo alipozaliwa mtoto wao Muhammad mwaka wa 150 wa Hijra, sawa na mwaka wa 767 wa Miladi. Huo ndio mwaka aliokufa Imam Abu Hanifa huko Baghdad. Baadhi ya wapokezi wamesema alizaliwa Asqalan, nayo si mbali na Gaza.

Katika khabari zilizohadithiwa na wanavyuoni imo ya kuwa bibi huyu, alipokuwa na mimba, aliota kama kwamba nyota ya Mushtari imetoka mwilini mwake ikaenda kuanguka Misri, kisha kila nchi ikapata kipande chake. Wafasiri wa ndoto wakasema kwamba atazaa mwanachuoni ambaye watu wa Misri watakuwa wa mbele kunufaika naye, kisha elimu yake itaenea katika miji mingine.

Lakini ndoto haiwashi moto jikoni. Mtoto hata hajaanza kusema vizuri, Idris alifariki dunia. Bibi huyu akabaki mjane katika nchi ambayo si ya kwao wala si ya jamaa za mumewe, na mkononi mwake mtoto yatima. Hakurithi shamba, hakurithi nyumba ya kupangisha, wala hakuwa na ndugu wa karibu wa kumkimbilia.

Na hapa pana jambo la ajabu. Gaza ndipo alipofia Hashim mwenyewe, babu mkuu wa Mtume, alipokuwa katika safari ya biashara, na mpaka leo Waarabu huuita mji huo Gaza ya Hashim. Hashim naye alimwacha mtoto mdogo kwa mama yake mjini Yathrib. Aliyekwenda kumchukua yatima yule na kumrejesha Makka kwa watu wake alikuwa Muttalib, nduguye Hashim, na mtoto yule ndiye Abdul Muttalib, babu yake Mtume. Sasa, baada ya zaidi ya miaka mia mbili, yatima wa kizazi cha Muttalib alikuwako Gaza, naye hakuwa na ami wa kumfuata. Kazi aliyoifanya Muttalib ilimwangukia mjane.

SAFARI YA MAKKA

Ilikuwa rahisi kwa bibi huyu kukaa pale alipo. Alikuwa kijana bado, angeweza kuolewa na mtu wa nchi ile, na mtoto angekulia katika nyumba ya baba wa kambo. Au angeweza kurejea kwa watu wake wa Azd, wakampokea kama kabila linavyompokea binti yake. Katika njia zote mbili angepata mahali pa kuweka kichwa. Lakini mtoto angekuwa mtu wa Azd tu, au mtu wa Gaza tu. Nasaba yake ya Kikureshi ingesahauliwa baada ya kizazi kimoja, na pamoja nayo ingepotea haki yake katika fungu la jamaa za Mtume. Zaidi ya hayo, angekuwa mbali na mji ambao wanavyuoni wa dunia nzima huuendea kila mwaka.

Basi akakata shauri. Mtoto alipokuwa wa miaka miwili alimbeba akatoka naye Gaza kwenda Makka, mwendo wa zaidi ya maili 700 kupita majangwa na milima. Watu wa zama hizo walisafiri kwa misafara ya ngamia, wakipishana na kiu, wanyang'anyi na homa, na mjane mwenye mtoto wa kunyonya au aliyeachishwa karibuni alikuwa mzigo katika msafara wowote. Alihama kwa ajili ya elimu na heshima ya mwanawe kabla mwana mwenyewe hajajua maana ya kuhama. Imam Shafi alikuja kusifiwa sana kwa safari zake za kutafuta elimu, Madina, Yemen, Iraki na Misri. Lakini safari yake ya kwanza, ambayo isingalikuwa hiyo zisingalikuwa zile nyingine, aliifanya akiwa mgongoni kwa mama yake.

CHUONI MAKKA

Walikaa Makka katika mtaa wa Shi'b al-Khaif, katika nyumba duni. Mtoto alipofika umri wa kusoma, mama alimpeleka chuoni. Mwalimu wa chuo alikuwa na ada yake, na bibi huyu hakuwa na cha kumlipa. Hilo ni jambo linalowapata wajane wengi katika kila zama, na kila mtu anajua namna linavyokwisha mara nyingi: mtoto huwekwa nyuma, hapewi nafasi, na baada ya siku chache huonekana njiani akiuza vitu.

Kwa yatima huyu halikwisha hivyo. Mama hakumwondoa chuoni kwa haya ya ufukara, na mtoto hakutazama kama anafundishwa kwa moyo au la. Alikaa akisikiliza yale waliyofundishwa wenziwe waliolipiwa, akayahifadhi. Mwalimu alipoondoka mahali pake, Shafi aliwafundisha watoto wenziwe yale yale aliyoyasikia. Mwalimu akaona kwamba faida anayoipata kwa mtoto huyu ni kubwa kuliko ada, akaridhika naye asomee bure na ashike nafasi yake kila anapokuwa hayupo. Alipotimiza miaka 7 alikuwa amekwisha kuihifadhi Qur-ani yote. Alipotimiza miaka 10 alikuwa amehifadhi Muwatta, kitabu cha hadithi na hukumu cha Imam Malik.

Baada ya chuo aliingia msikitini kukaa katika halaka za wanavyuoni, akisikia hadithi na masuala na kuyatia moyoni. Alitaka kuandika, lakini karatasi ilikuwa kitu cha matajiri. Mama hakuwa na senti ya kununulia. Mtoto akawa anaokota mifupa myeupe na mipana ya wanyama akiandika juu yake, na mfupa ukijaa huutia katika mtungi wa zamani uliokuwa nyumbani kwao. Mara nyingine alikwenda katika ofisi za serikali akiomba karatasi zilizokwisha kutumika, akaandika nyuma yake.

Inafaa kuifikiri nyumba hiyo. Chumba ni kidogo, chakula si kingi, na mtungi ambao katika nyumba nyingine ungetiwa maji au nafaka, katika nyumba ile ulitiwa mifupa iliyoandikwa hadithi za Mtume (s.a.w.). Mwanamke mwingine angelalamika kwamba mtoto anajaza takataka ndani ya nyumba, au angemwambia akatafute kibarua amsaidie. Mama yake Shafi aliuachia elimu mtungi wake. Maktaba ya kwanza ya Imam Shafi ilikuwa chombo cha jikoni cha mama yake.

KUMWACHIA MTOTO AENDE

Mama aliyekwisha kumpoteza mume huona uzito kumwachia mwana wake wa pekee aende mbali. Juu ya hivyo, Shafi alitoka Makka akaenda kukaa jangwani kwa watu wa kabila la Hudhail, ambao walikuwa wajuzi wa lugha fasihi kuliko Waarabu wengi. Alikaa nao muda mrefu, akihama nao wanapohama na kutua nao wanapotua, mpaka akahifadhi mashairi yao na kuzijua siri za Kiarabu. Alijifunza na kulenga shabaha kwa mishale mpaka akawa hodari wa kutajika. Ujuzi wake wa lugha ndio uliomwezesha baadaye kuzifahamu Aya za Qur-ani kwa undani uliowashangaza wakubwa zake.

Aliporejea Makka aliikamata fikihi kwa mikono miwili, akisoma kwa Muslim bin Khalid al-Zanji, mufti wa Makka, na kwa Sufyan bin Uyaina, bingwa wa hadithi. Imehadithiwa kwamba alikuwa na umri wa miaka kama 15 tu pale Muslim bin Khalid alipompa idhini ya kutoa fatwa. Yatima wa Gaza alikuwa sasa ni mtu ambaye wazee humwendea kuuliza mambo ya dini yao.

MBELE YA KADHI

Wengi hudhani kwamba bibi huyu alikuwa mwanamke mwema asiyejua kitu, aliyempa mwanawe dua na chakula tu. Khabari aliyoipokea mwanachuoni mkubwa Taj al-Din al-Subki, aliyefariki mwaka wa 771 wa Hijra, inaibomoa dhana hiyo.

Siku moja mama yake Imam Shafi alifika mbele ya kadhi wa Makka kutoa ushahidi, yeye na mwanamke mwingine. Kadhi akataka kuwatenganisha, kila mmoja atoe ushahidi wake peke yake asisikiwe na mwenziwe, kama makadhi wafanyavyo wanapotaka kuupima ukweli wa mashahidi. Mama yake Shafi akamwambia kadhi kwamba hana njia ya kufanya hivyo. Akamsomea Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo inataka mashahidi wawili wa kike badala ya mwanamume mmoja, ili mmoja wao akikosea yule wa pili amkumbushe. Basi ikiwa Mwenyezi Mungu amewaweka wawili wapate kukumbushana, vipi watakumbushana na kadhi amewatenga? Kadhi hakuwa na jawabu. Akaacha alilolitaka.

Al-Subki ameyapima maneno ya bibi huyu kama yanavyopimwa maneno ya wanavyuoni. Amesema kwamba kauli inayojulikana katika madhehebu ya mwanawe ni kuwa kadhi akiwa na shaka na mashahidi huwatenganisha, bila ya kubagua wanaume na wanawake. Juu ya hayo ameisifu hoja ya mama, akaiona ni nzuri na yenye nguvu, na ya kuwa mama amewatoa wanawake katika hukumu hiyo kwa dalili aliyoichimbua mwenyewe katika Qur-ani. Yaani mama na madhehebu ya mwanawe walihitalifiana katika suala moja, na mwanachuoni wa madhehebu hayo hayo hakumdharau mama.

Mwanamke wa namna hii hakuwa mlezi wa mwili tu. Aliyeweza kuitoa hukumu ndani ya Aya papo kwa papo, mbele ya kadhi na watu wake, bila shaka alikuwa akizungumza na mwanawe juu ya Aya hizo usiku nyumbani. Sifa kubwa ya Imam Shafi ni kulitazama neno moja la Qur-ani na kulitoa hukumu iliyofichikana kwa wengine. Sifa hiyo aliikuta nyumbani kwao.

NYUMBA ILIYOWEKWA REHANI

Baada ya kuimaliza elimu ya Makka, Shafi alikwenda Madina kwa Imam Malik, akamsomea Muwatta kwa moyo. Malik akastaajabu kwa kisomo chake, akamuusia amche Mwenyezi Mungu na asiizime kwa maasi nuru aliyotiwa moyoni. Alishikamana na mwalimu wake huyo mpaka alipofariki mwaka wa 179 wa Hijra, sawa na 795 wa Miladi.

Alirejea Makka akiwa mwanachuoni kamili, lakini maskini kama alivyotoka. Ikatokea kwamba liwali wa Yemen alifika Makka, na baadhi ya Makureshi wakamwomba amchukue kijana huyu ampe kazi. Liwali akakubali. Lakini safari inataka mavazi, mnyama na masurufu ya njiani, na katika nyumba ya Shafi hakikupatikana chochote. Hapo mama yake alifanya jambo ambalo Imamu mwenyewe hakulisahau, akawa akiwahadithia wanafunzi wake baada ya miaka mingi: aliweka nyumba rehani kwa dinari 16, akampa mwanawe fedha hizo asafiri.

Dinari 16 si mali nyingi. Lakini nyumba ndiyo kitu cha mwisho cha mjane. Akiwa nayo, hata akilala na njaa, hulala katika pazia lake. Ikienda, hana tena pa kujisitiri ila kwa huruma ya watu. Kwanza aliiacha nchi aliyoizoea, pili aliiacha suhuba ya mwanawe, na sasa aliitoa paa iliyo juu ya kichwa chake.

Na kwa muda ilionekana kama kwamba ametoa bure. Shafi alipata kazi Yemen, akawekwa Najran, akahukumu kwa uadilifu na kukataa upendeleo na rushwa. Wakubwa waliozoea kupitishiwa mambo yao wakamchukia. Mwaka wa 184 wa Hijra alisingiziwa kwamba ameshirikiana na watu wa kizazi cha Sayyidna Ali katika kutaka kuiondoa dola ya Bani Abbas. Akachukuliwa katika minyororo pamoja na watuhumiwa wengine mpaka Iraki, mbele ya Khalifa Harun al-Rashid. Imepokewa kwamba wenziwe waliuawa mbele yake mmoja baada ya mmoja, na zamu yake ikafika.

Elimu aliyoipata kwa mifupa na mtungi ndiyo iliyomwokoa siku hiyo. Alijitetea kwa ulimi fasaha na hoja wazi, na Muhammad bin al-Hasan al-Shaibani, mwanafunzi mkubwa wa Imam Abu Hanifa aliyekuwako katika baraza la Khalifa, akaishuhudilia elimu yake. Khalifa akamwacha hai. Shafi akakaa kwa al-Shaibani akisoma fikihi ya watu wa Iraki, akaiandika na kuibeba. Hivyo safari iliyonunuliwa kwa rehani ya nyumba, ambayo ilikusudiwa kuleta mshahara, ilileta kwanza minyororo, kisha ikaleta elimu ambayo asingaliipata Makka wala Madina. Akawa na elimu ya Hijazi na elimu ya Iraki katika kifua kimoja, na kutokana na kukutana kwake elimu hizo mbili yakazaliwa madhehebu yake.

VITABU VYA MWANAWE

Kutoka hapo Imam Shafi alikuwa mwandishi mkubwa kuliko wote wa zama zake katika fani ya sharia. Aliandika Al-Risala, nacho ni kitabu cha mwanzo kilichotufikia kinachopanga misingi ya kuzitoa hukumu katika Qur-ani, Sunna, Ijmaa na Kiyasi. Alifika Misri karibu na mwaka wa 199 wa Hijra, sawa na 814 wa Miladi, akakaa Fustat, akaandika upya madhehebu yake na kuisahihisha Risala. Kitabu chake kikubwa cha fikihi, kilichopokewa na mwanafunzi wake al-Rabi bin Sulaiman al-Muradi, kinaitwa Al-Umm. Kwa Kiarabu neno hilo ni mama, na pia ni asili na shina la kitu. Kitabu kiliitwa hivyo kwa kuwa ni shina la madhehebu. Lakini si vibaya kwa msomaji wa kitabu hicho kumkumbuka mama mwenye mtungi.

Imam Shafi alifariki Fustat mwishoni mwa mwezi wa Rajab mwaka wa 204, sawa na Januari ya mwaka wa 820, naye ana umri wa miaka 54. Imepokewa kwamba jeneza lake lilipitishwa nyumbani kwa Sayyida Nafisa, mwanamke wa kizazi cha Mtume aliyesifika kwa elimu na ibada, naye akamsalia. Hata elimu ya kizazi chake iliendelea kwa upande wa kike. Binti yake, Zainab, alizaa mtoto aliyekuwa mwanachuoni mkubwa wa madhehebu, na wanavyuoni wakamwita Mwana wa Binti Shafi. Na mwaka wa 608 wa Hijra, sawa na 1211 wa Miladi, Sultani al-Kamil wa Misri, wa ukoo wa Salahuddin, alijenga kuba kubwa juu ya kaburi la Imamu, na akamzika humo mama yake mwenyewe.

KIPANDE KILICHOFIKA HUKU

Ile ndoto ya nyota iliyotawanyika vipande, kipande chake kimoja kilianguka Afrika ya Mashariki. Madhehebu ya Shafi yalivuka bahari pamoja na wafanyabiashara na masharifu wa Yemen na Hadhramaut. Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331 aliwakuta watu wake wakifuata madhehebu hayo. Katika karne ya 19 misafara ya pwani iliyafikisha bara, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika, Kasongo katika Kongo, na Buganda. Waalimu wengi waliofuatana na misafara hiyo hawakuwa na mali, na wanafunzi wao wa kwanza hawakuwa na karatasi. Waliandika juu ya mbao na kuzifuta, kama yatima wa Makka alivyoandika juu ya mifupa.

Basi deni la Waislamu wa nchi hizi kwa mjane yule si deni dogo, na deni hulipwa kwa vitendo. Kila chuo na kila madrasa inajua jina la mtoto ambaye mama yake hana ada. Pengine mtoto huyo amekwisha kuondoka, na pengine bado amekaa nyuma akisikiliza wanayofundishwa wenziwe. Mwalimu wa Makka angelimfukuza yatima wa Gaza kwa dirhamu chache, dunia isingalijua ni kitu gani kilichopotea.

Na kila nyumba inajua jina la binti ambaye hakupelekwa kusoma kwa kuwa ni binti. Bibi aliyemnyamazisha kadhi kwa Aya moja alikuwa binti wa watu kabla ya kuwa mama wa Imamu. Asingalifundishwa Aya ile utotoni, asingalikuwa na cha kumwambia kadhi, wala na cha kumwachia mwanawe. Wenye kutaka Maimamu katika wajukuu wao na waanze na elimu ya binti zao.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yake Imam Shafi, amlipe kwa kila herufi iliyoandikwa na mwanawe, na ampe katika Pepo nyumba iliyo bora kuliko ile aliyoiweka rehani. Amin.